Jibu kwa kijana mpiga besi kuhusu albamu ya The Cure

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, napiga besi kwenye bendi ndogo hapa Morogoro. Mjomba wangu aliyekaa Uingereza miaka mingi amenisikilizisha albamu ya The Cure inayoitwa Songs of a Lost World, akaniambia hao ndio walikuwa bendi ya ujana wake. Nimeisikiliza mara mbili. Muziki umenishika, ila nyimbo zinakwenda muda mrefu sana kabla mtu hajaimba, na zote ni za majonzi. Wenzangu wanasema zile sifa zote ni heshima ya uzee tu, na kwamba watu waliokula chumvi kiasi hicho hawawezi kuwa na jipya. Je, ni albamu nzuri kweli? Na mimi mpiga besi nisikilize nini humo?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mjomba msalimie sana. Nikujibu la kwanza bila kuzunguka: ndiyo, ni nzuri, na kwa sikio langu ndiyo kazi yao bora tangu Disintegration ya mwaka 1989. Albamu zao za studio ni 14 pamoja na hii. Nimezisikiliza zote, nyingine kwa mapenzi na nyingine kwa sababu kazi yangu ya kuchanganya sauti inanitaka nijue nani alifanya nini na lini.

Hoja ya wenzako naielewa. Ni kweli kuna wanamuziki wazee wanaopigiwa makofi kwa yale waliyofanya zamani, na albamu mpya inasifiwa kwa adabu kisha inasahaulika kabla ya wiki kwisha. Lakini kwa The Cure hoja hiyo haisimami. Kama sifa zingekuwa za umri, zingetolewa mwaka 2008, walipotoa 4:13 Dream. Wakati huo walikuwa na miaka 30 kazini, wapenzi wao ni hao hao, na jina lao lilikuwa kubwa vilevile. Albamu ile ilifika nafasi ya 33 tu Uingereza. Hii ya sasa, iliyotoka tarehe 1 Novemba 2024, ilishika namba moja, jambo ambalo bendi hiyo haikuwa imelipata tangu Wish ya mwaka 1992. Kati ya 4:13 Dream na hii imepita miaka 16. Uzee peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo, kwa hiyo inabidi tuingie ndani ya muziki wenyewe.

Kwanza ujue wanatoka wapi. The Cure walianzia Crawley, mji mdogo kusini mwa London, vijana wa shule wakiongozwa na Robert Smith, wakati moto wa muziki wa panki ulipokuwa umewaka Uingereza mwaka 1976 na 1977. Panki ilikuwa kelele, kasi na hasira. Waliokuja mara baada yake, wale tunaowaita watu wa posti-panki, walichukua ujasiri wa panki wakaacha haraka yake. Walipunguza mwendo, wakaisogeza besi mbele, gitaa wakalifanya litoe rangi na ukungu badala ya ngumi. Seventeen Seconds ya 1980, Faith ya 1981 na Pornography ya 1982 ni nguzo tatu za muziki huo. Baadaye Smith akathibitisha kwamba hata nyimbo za furaha za kuchezwa redioni anaziweza, na anaziweza sana, ndiyo maana ulimwengu mzima ukamjua. Lakini mizizi iko kule kwenye polepole na giza, na albamu hii imerudi huko huko.

Kazi ya kurekodi ilifanyika mwaka 2019 katika studio za Rockfield, huko Wales, shambani kabisa. Smith aliisimamia mwenyewe pamoja na Paul Corkett, yule waliyefanya naye Bloodflowers ya mwaka 2000. Muziki walikuwa nao, tena mwingi kuliko unaoingia kwenye albamu moja. Kilichokwama ni maneno. Ukiwa na miaka 20 unaandika shairi kwenye basi na linatosha. Smith amekuwa akiandika mashairi ya nyimbo tangu miaka ya 1970, na kila mstari aliouandika kipindi hiki alilazimika kuupima na mistari yote aliyokwisha kuiimba. Ufunguo aliupata kwenye shairi la zamani la Mwingereza Ernest Dowson, linaloitwa Dregs. Dowson alikufa mwaka 1900 akiwa na miaka 32. Kutoka hapo Smith akapata mstari wa kwanza wa Alone, wimbo wa kufungua, unaozungumzia mwisho wa nyimbo zenyewe. Hebu fikiria, mtu anafungua albamu yake kwa kusema tumefika mwisho. Baada ya hapo mengine yakafuata.

Jambo la pili ni kupunguza, na hapa naomba unisikilize kwa makini maana litakusaidia kwenye bendi yako. Albamu ya 2008 ilikuwa na nyimbo 13. Hii ina nyimbo 8, dakika 49 hivi, na zote zimeandikwa na Smith peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwao tangu The Head on the Door ya 1985. Udhaifu wa The Cure katika umri wao wa kati ulikuwa ukarimu. Walitaka kutoa kila kitu, wimbo wa huzuni, wa mapenzi, wa utani, wa kelele, vyote kwenye sahani moja, na msikilizaji anashiba kabla hajafika kwenye nyama. Safari hii wamekaa kwenye hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe umeona kwamba nyimbo zote ni za majonzi ukadhani ni kasoro. Mimi naona ndipo nguvu ilipo. Mtu anayekueleza jambo moja zito kwa dakika 49 bila kukimbilia kukuchekesha anakuheshimu.

Halafu nyimbo hizi hazikutoka mbichi. Mwezi Oktoba 2022 walianza ziara yao ya Ulaya mjini Riga, Latvia, na mpaka ziara ya Marekani inakwisha mwaka 2023 nyimbo 5 kati ya hizi 8 zilikuwa zimekwisha kupigwa jukwaani usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliokuwa hawajawahi kuzisikia. Zilizoea mikono ya wapigaji. Unasikia hilo hasa kwa mpiga dramu, Jason Cooper. Hapigi kama mtu anayesoma karatasi. Anapiga kama mtu anayejua njia ya kurudi nyumbani gizani.

Sasa swali lako la mwimbaji kuchelewa. Katika Alone zinapita dakika zaidi ya 3 kabla Smith hajafungua kinywa, na Endsong, wimbo wa kufunga wenye dakika zaidi ya 10, unakupitisha dakika 6 nzima za ala tupu. Wewe umezaliwa kwenye nchi ya dansi, kwa hiyo sikio lako linataka mpangilio mwingine: sauti kwanza, ubeti na kiitikio, kisha chemko, pale magitaa yanapoachiwa yaseme huku uwanja umeshajaa. Wenzetu wa Kongo wanaita sebene. Smith ameupindua mpangilio huo. Kwake ala ndizo zinazotangulia na sauti ya mtu ndiyo inayofunga. Ukitaka kitu kilicho karibu nacho huku kwetu, usiende kwenye dansi, nenda kwenye taarab asilia ya Zanzibar. Kule kuna bashraf, kipande cha ala tupu kinachofungua shughuli kabla mwimbaji hajasimama. Hakuna anayenung'unika kwamba mwimbaji amechelewa. Kila mtu anajua kwamba anatayarishwa.

Na tabia hii si mpya kwao. Disintegration nayo inafunguliwa kwa wimbo unaokwenda zaidi ya dakika 2 kabla ya sauti. Tofauti ni kwamba wakati ule ala zilikuwa zinang'aa, zinakupandisha juu. Sasa zinashuka. Isikilize Alone tena ukiwa umetulia: dramu nzito, polepole kuliko unavyotarajia, pigo lile lile linarudi na kurudi. Vinanda vya Roger O'Donnell vinatandaza kitu kipana kama anga la jioni. Besi inakwaruza chini. Gitaa linadondosha noti moja moja kama maji kwenye bati mvua ikishakatika. Hakuna kinachobadilika haraka, lakini baada ya dakika mbili unagundua kwamba umepunguza hata kupumua. Sauti ya Smith inapokuja, inakuja juu ya ardhi iliyokwisha kulainishwa. Angeimba mapema, maneno yale yale yangekupita.

Nije kwenye umri wenyewe, maana hapo ndipo penye jibu langu hasa. Smith amekuwa akiimba kuhusu kuzeeka tangu akiwa kijana. Alipotengeneza Disintegration alikuwa anakaribia miaka 30, na alikuwa na hofu kubwa kwamba hajafanya kazi ya kudumu na muda umekwisha. Kwenye Bloodflowers kuna wimbo ambao jina lake ni 39, umri tu, hakuna neno jingine, ukizungumzia moto unaozimika. Nikiwa kijana niliipenda Disintegration mno, lakini leo nikiisikiliza naona ni kijana anayeogopa kitu asichokijua. Alikuwa anaelezea nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Alipotoa albamu hii alikuwa na miaka 65. Katika kipindi hicho alikuwa amempoteza mama yake, baba yake, na kaka yake mkubwa, Richard. Ameingia kwenye nyumba ile aliyokuwa akiielezea. Ndiyo maana sikubaliani na wenzako wanaosema hakuna jipya. Ala ni zile zile, sauti yake ni ile ile, tena kwa namna ya kushangaza haijachoka hata kidogo. Kipya ni kwamba sasa anajua anachokisema. Hofu imeondoka, pamebaki habari yenyewe. Wazee wengi wa muziki hukimbia umri wao. Wanapaka nyimbo rangi za vijana, wanaalika waimbaji wadogo, wanaongeza kasi. Huyu amekaa pale pale alipo na kueleza panavyoonekana kutoka hapo.

Chukua I Can Never Say Goodbye, wimbo wa kaka yake. Waliupiga kwa mara ya kwanza jukwaani Poland mwaka 2022, miaka miwili kabla albamu haijatoka. Unaanza na ngurumo za radi kwa mbali, kisha piano, noti chache tu zinazorudiwa, ambazo hata mtoto anayejifunza angeweza kuzipiga. Smith ameeleza kwamba alijaribu kuuandika kwa njia nyingi, na mwishoni akaacha mapambo yote akasimulia tu usiku ule kaka yake alipofariki ulivyokuwa. Hivyo ndivyo ulivyo. Hakuna falsafa ya kifo. Kuna usiku, kuna dhoruba, kuna mtu anayeondoka na mwingine anayeshindwa kutamka kwaheri.

Niseme la kwangu kidogo. Mimi pia nimemzika kaka. Ukienda kuhani unajua inavyokuwa: unafika, unatoa pole, unakaa kwenye mkeka, na kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Mtu anakohoa, kikombe cha kahawa kinapita mkono kwa mkono, kuna sauti ya sufuria huko nyuma kwa akina mama. Halafu mtu mmoja anaanza kumtaja marehemu, polepole, na wote mnainua vichwa. Nilipousikia wimbo huu kwa hedifoni usiku mmoja baada ya kazi, ile piano ikizunguka kabla ya sauti, nilirudi kwenye mkeka ule. Niliuzima ulipokwisha. Sikuweza kuendelea na unaofuata mpaka kesho yake. Nimechanganya nyimbo za watu kwa zaidi ya miaka 20 na si kawaida yangu kuzima.

And Nothing Is Forever nao una habari yake. Smith alikuwa amemwahidi mtu aliyekuwa mgonjwa sana kwamba atakuwa naye saa ya mwisho, na ahadi hiyo haikutimia. Ukijua hilo, vile vinanda na piano vinavyotangulia kwa muda mrefu vinasikika kama mtu anayekusanya nguvu za kuomba radhi.

Sitakuficha kasoro. Drone:Nodrone siipendi sana. Una nguvu na gitaa la Reeves Gabrels linawaka kweli kweli, lakini baada ya wimbo mzito kama Warsong na kabla ya ule wa kaka, unanitoa kwenye hali niliyokuwa nayo. Na kama fundi wa sauti naona katikati pamejaa mno: vinanda, magitaa na ile besi inayokwaruza vinagombania nafasi moja, na kuna mahali dramu zinazama. Usije ukaisikiliza kwa spika ya simu. Kwa spika ya simu besi yote inapotea, dramu zinakuwa kama mtu anayegonga meza, na utabaki na vinanda vinavyolia tu. Tafuta hedifoni nzuri ya waya, au spika kubwa za kanisani au ukumbini siku mkiwa mnajaribu mitambo, funga milango, uipige yote tangu mwanzo.

Tuje kwenye besi. Mtu wako hapa ni Simon Gallup. Aliingia kundini wakati wa Seventeen Seconds na, ukiacha miaka michache alipokorofishana na Smith baada ya Pornography, amekuwepo hadi leo. Ananing'iniza besi chini kabisa, karibu na magoti, na anapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba besi inamfuata mpiga dramu na kushika mzizi wa kodi, yaani noti ya msingi ya zile zinazopigwa pamoja, basi. Gallup hafanyi hivyo. Besi yake ndiyo mara nyingi inayobeba wimbo, yaani ukiondoa sauti na magitaa yote ukaacha besi peke yake, mtu bado atautambua. Jaribu hivyo na A Fragile Thing. Piano inafungua, besi inaingia, na kuanzia hapo yeye ndiye anayekushika mkono mpaka mwisho. Ipige peke yako chumbani bila wimbo nyuma. Utaona inasimama kwa miguu yake.

Kuna mtego mmoja. Smith mwenyewe tangu miaka ya 1980 hupenda kutumia besi ya nyuzi sita, chombo kilicho kati ya gitaa na besi, kinachoimba chini ya gitaa na juu ya besi ya kawaida. Kwa hiyo kwenye nyimbo zao, yale unayodhani ni gitaa zito mara nyingine ni besi ya pili. Ukishindwa kujua Gallup anapiga nini, sikiliza mkwaruzo: sauti yake ina ukali wa msumeno, ya Smith ina mtikisiko kama taswira kwenye maji. Mkiwa na magitaa mawili kwenye bendi yenu na mmechoka kugombania nafasi, mwambie mmoja ashuke chini afanye kazi hiyo. Mtashangaa.

Kuhusu pa kuanzia, usizisikilize albamu zote 14 kwa mpangilio, utachoka. Anza na Seventeen Seconds uone jinsi kitu kidogo kinavyotosha, hasa A Forest, ambayo kila mpiga besi inampasa kuijua. Kisha Disintegration. Kisha rudi hapa. Ukimaliza, tafuta onyesho lao la London, ukumbi wa Troxy, usiku ule ule albamu ilipotoka. Walipiga kwa saa 3, nyimbo 31, na walianza kwa kuipiga albamu mpya yote kwa mpangilio wake. Bendi inayoiogopa kazi yake mpya hufungua na zile zinazopendwa. Mtazame Gallup anavyotembea jukwaani huku vidole havitetereki.

Endsong iache mwisho, tena uisikilize nje usiku kama umeme umekatika na mwezi uko juu. Smith ameeleza chanzo chake: akiwa mtoto wa miaka 10, mwaka 1969, watu walipotua mwezini, alisimama nje na baba yake wakitazama juu. Miaka 50 baadaye akasimama tena kuutazama mwezi ule ule, baba akiwa hayupo. Dramu za Cooper zinaanza, zinazunguka, hazina haraka. Usihesabu dakika. Besi ikishaingia, shika mahali Gallup anaporudia, kisha sikiliza ni mara ngapi anabadilisha noti moja tu na kuirudisha. Niandikie umeona mangapi.